Boksi Jeupe Lililobanduliwa Karatasi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko karakana, zima mashine kidogo. Leo namkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmekunywa soda baridi kwa jasho lake bila kumjua. Alikuwa fundi wa mafriji. Wateja walimwita Baridi, na sisi tukamwita hivyo hivyo. Baridi amekufa, na mimi nina hasira.

Nalisema mapema ili mtu asinitumie ujumbe kuuliza mtangazaji leo kaamkia ubavu gani. Nimeamka vizuri. Chai nimekunywa. Hasira ninayo tu, na familia yake imeniruhusu kuja nayo hapa kwenye kipaza sauti.

Hii mashine inayotupulizia hewa humu studio aliitengeneza yeye. Ilikuwa imezima wiki nzima, tunasoma habari huku tunachuruzika. Akaja, akapanda ngazi, akafungua kifuniko, akatoa kiota kizima cha ndege. Akanitazama kutoka juu. "Dada mtangazaji, hii haijaharibika. Imepangisha." Nilicheka mpaka nikachelewa kuingia hewani. Ndivyo tulivyojuana.

Sasa sikilizeni vizuri. Baridi alizaliwa na hemofilia. Narudia, hemofilia. Damu ya mtu mwenye ugonjwa huo haijizibi inavyotakiwa, kwa sababu kuna kitu kimoja kinachopungua ndani yake. Wewe ukigonga goti, unasema uuu, kesho umesahau. Yeye akigonga goti, damu inaendelea kuvuja ndani kwa ndani. Watu hudhani mgonjwa wa namna hii atauawa na wembe. Si hivyo. Hatari yake kubwa haionekani kwa macho. Damu inavujia kwenye kiungo. Inavujia kwenye msuli. Na mbaya kuliko zote, inavujia kichwani.

Utotoni mwake dawa ilikuwa ngumu kupatikana. Goti likivimba, baba yake alimbeba mgongoni mpaka kliniki, na njia nzima anamsimulia hadithi za sungura ili asisikie maumivu. Mama yake alikuwa anamkandamizia barafu. Kwao hakukuwa na friji. Barafu ilitoka dukani kwa jirani, na kwa kuwa iliyeyuka haraka, mtoto akawa anapelekwa akae hukohuko dukani, mguu juu ya kreti, barafu kwenye goti. Watoto wenzake wakampa jina. Baridi. Na pale dukani ndipo alipomwona fundi akifungua mgongo wa friji kwa mara ya kwanza. Mama yake anasema, "Siku hiyo hakulia kabisa. Alirudi nyumbani anauliza gesi inakwenda wapi."

Akakua. Akajifunza kazi. Na dawa nayo ikaja.

Dawa ipo, wasikilizaji wapendwa. Naomba mtu asitoke hapa akisema hemofilia haina la kufanya. Kile kinachopungua kwenye damu kinaweza kutiwa mwilini kwa sindano ya mshipa. Huja kama unga ndani ya kichupa, na maji yake kwenye kichupa cha pili. Wapo wanaochomwa kliniki. Wapo waliofundishwa na wataalamu mpaka wakaruhusiwa kujichoma nyumbani, kwa ratiba, kabla damu haijavuja. Baridi alikuwa mmoja wao. Ndiyo maana aliweza kuinama, kuinuka, kupanda ngazi na kubeba vyuma kama fundi mwingine yeyote.

Nilimshuhudia siku moja. Meza ya jikoni kwao, chini ya dirisha, mahali penye mwanga. Akaipangusa meza. Akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akisugua mafuta ya kompresa yatoke kwenye kucha. Vichupa alikuwa ameshavitoa kwenye friji na kuviacha viondokewe na ubaridi. Akasoma tarehe. Akasoma tena. Akaingiza maji kwenye unga, halafu hakutikisa. Alikizungusha kichupa taratibu kiganjani mpaka unga ukayeyuka wote. Akakiinua kwenye mwanga. Ikiwa na madonge au ukungu, alisema, haiingii mwilini, hata iwe ya mwisho duniani. Sindano mpya kila mara. Mshipa, si msuli. Polepole. Kisha pamba, na kubana bila kuchungulia. Sindano iliyotumika ikaingia kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, na chupa ikijaa hurudishwa kliniki.

Kliniki walimpenda kwa sababu alikuwa akiwasaidia kuwafundisha akina mama wenye watoto wapya wa ugonjwa huu. "Mama, hii si soda," aliwaambia. "Ukiitikisa inatoa povu na unaiharibu. Izungushe taratibu, kama mwanaume anayetafuta jibu la kumpa mkewe." Wakicheka, mikono inaacha kutetemeka. Halafu anawapa maneno manne, na anawarudisha nayo nyumbani. Anza haraka, choma polepole.

Anza haraka, choma polepole. Alikuwa anayasema mpaka unachoka. Mtoto akigonga kichwa, usingoje uvimbe. Usingoje alie. Dawa kwanza, halafu hospitali mbio, hata kama anaruka na kucheka.

Dawa yake aliitunza kwenye boksi jeupe la plastiki, rafu ya katikati ya friji. Si nyuma kabisa. "Ukuta wa nyuma wa friji ni mnafiki," alisema, "unagandisha kimyakimya." Dawa hii inataka ubaridi wa friji. Ikishika barafu, imekwisha. Juu ya boksi alibandika karatasi, kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa. Dawa ya damu. Isiingie kwenye friza. Uliza kwanza.

Karatasi yenyewe ninayo hapa mezani, wasikilizaji wapendwa. Imekunjika na ina chembe za sukari. Nitaieleza.

Baridi alikuwa na mdogo wake wa kike. Binti huyu aliwahi kuchumbiwa, na uchumba ukavunjika. Hakukuwa na kosa. Mtu alikwenda kunong'ona upande wa pili kwamba kwao kuna ugonjwa wa damu, kwamba mara nyingi mama huubeba bila kuumwa na kumpa mtoto wa kiume. Ni kweli, hupita hivyo. Lakini hawakuja kuuliza. Hawakwenda kliniki kupata ushauri. Walituma salamu fupi kwamba ukoo ule una damu mbovu. Damu mbovu! Wale wale waliokuwa wanakunywa maji baridi yaliyopozwa na fundi mwenye hiyo damu.

Baba yake aliniambia, "Binti yangu alilia mpaka nikaona aibu kuitwa baba. Nikasema basi. Kuanzia leo hili ni la ndani." Na likawa la ndani. Hata ndugu hawakuelezwa. Shangazi yao, dada yake baba anayeishi mbali, alijua tu kwamba kijana wa kaka yake ana magoti mabovu. Basi.

Akatokea mchumba wa pili. Mwalimu wa shule, mpole, anayecheka kwa mabega. Wazazi wake wakasema watakuja kujitambulisha. Nyumba ikapakwa rangi. Viti vikaazimwa. Na siku moja kabla ya wageni, mama alifungua friji.

Nayanukuu maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu aliniomba nisiyapunguze. "Niliona ile karatasi nyekundu kama inanipigia kelele. Nikasema, mgeni akija kutafuta maji ataisoma. Nikaibandua. Nikaikunja nikaiweka chini ya kopo la sukari. Nikasema wakiondoka nitairudisha. Sikumwambia mwanangu, nilijua angekataa."

Asubuhi ya wageni ilikuwa siku ya Baridi kuchoma dawa yake ya ratiba. Akachungulia jikoni. Meza yake ya dirishani imejaa sufuria, imezungukwa na majirani wanaomenya na kukatakata. Angewaambia nini? Sogeeni nijichome sindano? Na si tulisema ni siri ya ndani? Akaahirisha. Ndipo simu ikaita. Chumba cha baridi cha bucha kimezima na nyama itaoza. Akachukua mkoba wa spana akaondoka.

Huku nyuma soda za wageni zikafika. Shangazi, aliyekuwa amesafiri kuja kupokea wageni, mwenye mikono isiyotulia, akaanza kupanga friji. Akakutana na boksi jeupe, limefungwa kwa mpira, halina neno juu yake. Hakulifungua, kwa adabu, kwa sababu si lake. Akalihamishia kwenye friza kupisha soda. Anasema, "Nilidhani ni kitoweo. Nikajiambia, kinachopenda baridi kitapenda baridi zaidi." Halafu akanishika mkono akauminya. "Mimi nasoma, mwanangu. Ningeikuta karatasi, ningesoma."

Mmemsikia? Anasoma. Neno lilikuwepo. Neno tulilibandua sisi.

Mwenye bucha ndiye shahidi wa yaliyofuata. "Aliingia anapiga mluzi. Alipokuwa anainuka kutoka chini ya mashine akajigonga kichwa kwenye komeo la mlango wa chuma. Ko! Nikamwambia pole. Akasema, pole mpe mlango. Akaweka spana chini. Akasema, bosi, nakwenda nyumbani kuchoma dawa, nyama yako itasubiri. Nikamwambia mbona hata damu hutoki. Akasema, ndiyo mbaya hiyo."

Alifanya sawasawa, wasikilizaji wapendwa. Narudia, alifanya sawasawa. Hakungoja uvimbe. Aliacha kazi katikati, akapanda pikipiki, akaenda palipo na dawa ya karibu. Anza haraka. Alianza haraka.

Akaingia kwa mlango wa nyuma. Akafungua friji. Soda. Rafu ya juu soda, ya katikati soda, ya chini soda. Akamuuliza shangazi, shangazi akamwonyesha friza kwa furaha ya mtu aliyesaidia. Baridi akalitoa boksi limeota manyoya ya barafu. Maji ya dawa yalikuwa yamekuwa jiwe. Kichupa kimoja kimepasuka. Hakuhitaji kuelezwa na mtu. Kazi yake ilikuwa kujua baridi inafanya nini. Barafu iliyomlea magotini ndiyo iliyomwulia dawa yake.

Lakini bado kulikuwa na nafasi. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, wala haitaki kuondoka. Kliniki ya damu ina dawa. Hospitali ilikuwa inafikika. Na nje ya geti yalikuwa yameegeshwa magari matatu ya wageni, madereva wanapiga soga kivulini.

Baridi akamwita baba yake kwenye korido. Baba mwenyewe ndiye aliyenisimulia, macho yake sakafuni. "Akaniambia, baba, nimegonga kichwa, na dawa imeharibika. Nikamwambia, mwanangu, wageni ndiyo kwanza wamekaa. Ukitoka sasa wataniuliza kuna nini. Vumilia kidogo, wakishakula. Mfikirie mdogo wako."

Mfikirie mdogo wako. Naye akamfikiria. Akabadili shati. Akaingia sebuleni, akasalimia wageni kila mmoja kwa heshima yake, akakaa.

Baridi, ndugu yangu, na wewe nina ugomvi nawe. Akina mama wangapi uliwaambia wasingoje? Uliwakemea watu wazima kliniki mbele za watoto wao. Ikaja zamu yako, ukakunja mikono ukawa mtoto mwema. Mvumilivu hula mbivu, walikufundisha. Kuna mambo ukiyavumilia hayaivi. Yanaoza.

Akakaa. Chakula kikapita, hakula. Shangazi akamletea kidonge cha maumivu, akakikataa kwa kutikisa kidole, kwa sababu alijua vipo vidonge vya maumivu vinavyozidisha kuvuja. Hata pale alikuwa bado anajilinda kwa alichobaki nacho. Hotuba zikasomwa. Mzee wa upande wa mchumba alikuwa mtu wa maneno mengi, akaanza tangu kwa babu wa babu. Watu wakacheka. Baridi naye akacheka, mkono kwenye paji la uso. Halafu wakasema tupige picha.

Picha hiyo nimeiona. Yumo. Mstari wa nyuma, kulia kwa dada yake. Anatabasamu, na jicho moja limeanza kulegea.

Baada ya picha alijaribu kusema neno, likatoka limepinda. Akatapika. Akaanguka mikononi mwa bwana harusi mtarajiwa.

Na sasa sikilizeni hili, kisha mniambie kama nina haki ya kukasirika au sina. Yule mwalimu alimbeba Baridi mpaka kwenye gari. Hakuuliza ana nini. Alimpigia kelele dereva, "Kliniki ya damu! Ana hemofilia huyu! Simu, pigeni simu watayarishe dawa!" Baba akamtazama kama aliyepigwa kofi.

Alijua. Wasikilizaji wapendwa, mwalimu alijua. Binti alimwambia mwenyewe tangu mwanzo wa mapenzi yao. Anasema, "Nilishakimbiwa mara moja. Nikajisemea, huyu kama atakimbia, akimbie mapema nisije nikachosha miguu yake." Hakukimbia. Alikwenda akawaambia wazazi wake, nao wakauliza, wakaelezwa, wakakubali. Walijua wote. Mama yake, mzee wa hotuba ndefu, wote. Walinyamaza kwa adabu, wakingoja wenyeji waliseme wenyewe. Na wenyeji walinyamaza kwa hofu, wakiomba wageni wasijue.

Sebule nzima. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Na katikati yao mtu anavujia damu kichwani, anatabasamu.

Mwalimu aliniambia, "Nilimwona ameshika paji la uso. Nikadhani ni joto. Neno moja tu, dada. Nimejigonga. Ningembeba mgongoni."

Hospitalini hawakufanya kosa. Walimchoma dawa kabla hata ya kumpeleka kupigwa picha ya kichwa, kama inavyotakiwa. Daktari alimwambia baba, bila ukali, kwamba walihitaji yale masaa ya mwanzo. Baridi hakuamka tena. Alikufa siku iliyofuata, dada yake ameshika ule mkono wenye makovu madogo ya sindano.

Msibani nilisikia watu wakisema siku yake ilifika. Sibishani na Mungu. Nabishana na sisi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Tunalijua. Tunaliimba shuleni. Halafu tunarudi nyumbani tunabandua karatasi.

Na walioanzisha yote, wale wa damu mbovu, kama mnanisikiliza, na najua redio yenu haizimwi, sina la kuwaambia ila hili. Mliona aibu ya kuuliza, mkaona fahari ya kunong'ona. Nendeni mkaulize. Mtu mwenye hemofilia anaoa, anaolewa, anafanya kazi, anazeeka. Kinachomuua mapema ni dawa isiyofika mwilini kwa wakati.

Wewe mwenye mtoto wa ugonjwa huu, nakuomba. Fundishwa kuchoma na walio na ujuzi, usijaribishe. Dawa ikae kwenye friji, isiingie friza. Kila anayefungua friji hiyo aambiwe, awe mgeni, shangazi au mpwa. Akigonga kichwa, dawa na hospitali, hata kama sebuleni amekaa mfalme. Mgeni atakayechukia kwa sababu umekimbiza mgonjwa, huyo mwache aende na soda yake.

Kwa mama yake Baridi, pole, mama. Umesema mwenyewe yale ambayo wengi wangezikwa nayo. Kwa shangazi, pole, wewe huna kosa, naomba uanze kulala. Kwa mdogo wake, pole sana. Najua umeanza kwenda kliniki kupimwa, na najua mwalimu anakwenda nawe na kukusubiri kwenye benchi. Kwa akina mama wa kliniki, poleni. Mwalimu wenu hayupo, lakini maneno yake manne mnayo. Mungu ailaze roho ya fundi wetu mahali pema.

Na kwa baba yake. Mzee, ulikuja hapa mwenyewe jana na karatasi hii mfukoni. Nilikuuliza unataka niseme nini kwa niaba yako. Ukasema, "Usiniombee radhi. Isome tu. Tuliogopa wageni wa magari matatu wasije wakaisoma. Wewe wasomee watu wote."

Nimekusikia, mzee. Wasikilizaji wapendwa, naisoma, kwa mwandiko wa mtoto wake.

Dawa ya damu. Isiingie kwenye friza. Uliza kwanza.